Injini ya WRX inatetemeka: pima kwanza, kipuri baadaye

Subaru Impreza WRX na STI za 2000 hadi 2007 ni nyingi Nairobi, na Dar hazikosekani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo WRX ya 2004 inayouzwa leo iko nchini zamani. Imepita kwa wamiliki kadhaa na mafundi wengi kuliko wamiliki, na kila aliyeigusa ameacha chake: mmoja maunti (raba zinazoshikilia injini) ngumu za mashindano, mwingine flaiwili (gurudumu zito nyuma ya krenki) nyepesi, wa tatu chujio la hewa la kupaka mafuta. Mtetemo mmoja unaweza kuwa na vyanzo viwili au vitatu vilivyopandana. Ndiyo sababu dawa iliyozoeleka gereji, "badilisha maunti kwanza tuone", hula pesa bila kuponya.

Kuna jambo la kuondoa njiani kabla ya yote. Boksa ya EJ20, injini ya mengi ya magari haya yenye silinda zilizolala, inanguruma kwa mapigo yasiyolingana kwa sababu mabomba ya eksozi kutoka kwenye silinda hayana urefu sawa. Huo ni mlio tu. STI za Japan zenye tabo (turbo) ya twin-scroll, yaani yenye njia mbili za kupokea moshi, zina mabomba yaliyolinganishwa, na hazingurumi hivyo. Kwa mwendo wenyewe boksa ni injini tulivu: pistoni zimelala pande mbili zikipeana mgongo, nguvu zao zinafutana, kinabaki kiasi kidogo cha kuyumba kwa kuwa silinda za pande mbili hazikutazamana sawasawa. Kwa hiyo ngurumo ikubali, ila usukani ukikutekenya vidole au kioo cha pembeni kikicheza mpaka huoni gari la nyuma, pana ubovu.

Majaribio matatu kabla ya kufungua boneti

La kwanza, gari likiwa limesimama, gia nyutro, injini imepata moto. Acha iende sailensi (injini ikijiendesha bila kukanyagiwa mafuta), kisha panda taratibu hadi mizunguko 3,000 kwa dakika na urudi. Andika mtetemo unaanzia wapi na unaishia wapi. Ukiwepo gari limesimama, matairi na propela shafti hazihusiki, na umeshaokoa pesa ya balansi ya matairi.

La pili, kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na watu, fika mwendo unaotetemesha, kanyaga klachi na uachie mafuta. Mizunguko ya injini inashuka, gari linaendelea kuserereka kwa mwendo uleule. Mtetemo ukifa papo hapo, chanzo ni injini, klachi au maunti. Ukibaki vilevile, chanzo kinazunguka na matairi.

La tatu ni la mzigo. Gia ya nne, mizunguko 2,000, kanyaga mafuta hadi chini. Mtetemo unaotokea gari likivuta tu, ukanyamaza ukiachia, mara nyingi ni silinda inayokosa moto chini ya shinikizo la tabo, au jointi ya ndani ya draivu shafti iliyochakaa. Hizi mbili huchanganywa sana. Tofauti yake ni kwamba jointi husukasuka gari zima kushoto na kulia, wakati silinda inayomisi hukatakata nguvu na mara nyingi humulika taa ya cheki injini.

Hesabu kidogo husaidia kuliko sikio. Injini ya silinda nne hulipuka mara mbili kila mzunguko. Kwenye sailensi ya 750 krenki inazunguka mara 12.5 kwa sekunde, na milipuko ni 25 kwa sekunde. Silinda moja ikifa, pengo lake hurudi kila mizunguko miwili, yaani mara 6 na kidogo kwa sekunde. Hilo ni polepole kiasi kwamba mkono uliowekwa juu ya usukani unakaribia kulihesabu: dugu, dugu, dugu. Mtetemo wa maunti mbovu ni wa haraka zaidi, unazizima kama simu iliyowekwa mtetemo juu ya meza. Tairi la 225/45R17 nalo lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye 100 km/h linazunguka mara 14 hivi kwa sekunde. Programu za simu zinazosoma mtetemo zinakupa namba hiyo moja kwa moja. Laza simu juu ya reli ya kiti, acha dakika moja, soma kilele.

Dugu-dugu kwenye sailensi, inapungua ukikanyaga mafuta

Hapa ndipo matatizo mengi ya WRX yalipo, na hapa ndipo pa kukaa.

Ujue silinda zako kwanza. Ukiwa umekaa kwenye kiti ukitazama mbele, 1 iko mbele kulia, 3 nyuma kulia, 2 mbele kushoto, 4 nyuma kushoto. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Fundi aliyezoea injini za Toyota zilizosimama hukosea hapa, akahamisha koili (kifaa kinachopa plagi moto) isiyo yenyewe na kupata jibu la uongo.

Skana ya bei rahisi inaweza kukataa kuongea na gari hili hata kama plagi ya OBD (ya kuchomekea skana) inaingia. Subaru nyingi za soko la Japan za miaka hiyo zinatumia lugha ya Subaru yenyewe, SSM. Programu za bure FreeSSM na RomRaider zinaielewa, kwa kompyuta ya mkononi na waya wa KKL unaoiunganisha na gari. Kodi P0301 hadi P0304 zinataja silinda inayomisi. P0300 ni ya kumisi ovyo, na hiyo usiiamini haraka kama gari lina flaiwili nyepesi: kompyuta hupima kumisi kwa kuangalia kasi ya krenki inavyobadilika, na flaiwili nyepesi huibadilisha kasi hiyo hata injini ikiwa nzima.

Bila kompyuta, njia ya zamani bado inafanya kazi. Injini ikiwa sailensi, chomoa soketi ya koili moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Silinda nzima ukiichomoa injini inazidi kuyumba. Ile ambayo hata ukiichomoa hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo imekufa. Usiache koili imechomolewa zaidi ya sekunde chache, maana petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalitiki (kisafisha moshi cha eksozi).

Ukishaijua silinda, hamisha koili yake kwenye silinda jirani ya upande uleule. Tatizo likihama na koili, umemaliza. Lisipohama, toa plagi ya moto ya silinda hiyo. Kulia unaanza kwa kutoa boksi la chujio la hewa. Kushoto unatoa betri na chupa ya maji ya waipa. Soketi ni ya 16, yenye mpira ndani, na viungio viwili vifupi ni bora kuliko kimoja kirefu kwa sababu nafasi kati ya kichwa cha injini na chasisi ni ya kuingia ngumi tu. Injini iwe ya baridi. Kichwa ni cha aluminiamu, na kufungua plagi ikiwa ya moto ni kualika nyuzi zitoke nayo.

Sasa itazame plagi kwa tochi. Rangi ya biskuti, sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli inazidi. Nyeupe kama chokaa, hewa inazidi au joto limepita kiasi. Ikiwa na oili kwenye nyuzi za nje na shimo la plagi limejaa oili, sili za mashimo chini ya kava ya valvu zimekufa, na oili hiyo ndiyo inayolainisha mpira wa koili mpaka moto unaruka pembeni. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Ila ukiona vidoa vidogo vya fedha vinavyong'aa juu ya kauri nyeupe, kama vumbi la msasa, simama: hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Tutarudi hapo.

Plagi mpya za EJ20 ya tabo zina mwanya wa 0.7 hadi 0.8 mm. Pima kila moja, hata iliyotoka kwenye boksi, na ufunge kwa 21 Nm. Mwanya wa 1.1 uliozoeleka kwenye injini zisizo na tabo utafanya gari limisi kila tabo ikijaza, halafu utalaumu koili.

Plagi na koili zikiwa nzima, kinachofuata ni hewa ya wizi. Gari hili linapima hewa kwa sensa iliyoko mara baada ya chujio. Hewa yoyote inayoingia baada ya hapo haihesabiki, petroli inakuwa pungufu, sailensi inayumba. Mshukiwa mkuu ni mpira wa kuingizia hewa kwenye tabo. Umejificha chini ya manifoldi, unaiva kwa joto miaka kumi na zaidi, na hupasuka mtu anapoutoa kwa nguvu akibadilisha tabo, kisha unarudishwa ukiwa umepasuka kwa sababu hakuna atakayeuona. Mashine ya moshi inaufichua kwa dakika tano. Usinyunyizie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta kutafuta uvujaji kwenye injini inayowaka: tabo iko pale pale nyuma kulia, ina joto la kuwasha. Kwenye kompyuta, angalia marekebisho ya muda mrefu ya petroli. Yakipita asilimia 10 juu kwenye sailensi na kushuka ukiwa 2,500, hewa inavuja. Yakiwa juu kote, tazama pampu, chujio la petroli na sensa ya hewa yenyewe. Chujio lililopakwa mafuta kupita kiasi hufunika waya wa sensa. Isafishe kwa dawa yake, acha ikauke kabisa, usiiguse kwa pamba.

Valvu ya tabo inayotoa hewa nje kwa mlio wa "pshhh" inaingia kwenye hesabu hii pia. Hewa inayotupwa ilishahesabiwa, kwa hiyo petroli yake inamwagwa bila mwenzake. Gari linatikisika kila ukiachia mafuta kubadili gia, na wakati mwingine linazima ukifika kwenye taa. Rudisha ile ya kiwandani, kelele mtaizoea kuikosa.

Kwenye WRX na STI za Japan kuna AVCS, inayobadilisha muda wa valvu za kuingiza kwa shinikizo la oili. Kwenye sailensi pande zote mbili zisome karibu na nyuzi 0. Upande mmoja ukiwa 0 na mwingine umekwama 10 au 15, umeona tatizo lako: vichujio vidogo ndani ya boliti za bomba la oili vimeziba, au solenoidi imekwama. Oili iliyokaa muda mrefu kupita kiasi ndiyo hulea jambo hili.

Mkanda wa taimingi uliofungwa jino moja nje

Swali la kumwuliza muuzaji: mtetemo ulianza lini? Akisema "tangu tulipobadilisha mkanda", jibu liko hapo. Kosa linalojirudia kwenye EJ ni la alama. Pulii ya krenki ya ndani ina mshale unaoonekana vizuri, na ina mkwaruzo mdogo kwenye jino la bamba la nyuma yake. Mshale ni wa pistoni ya kwanza kufika juu. Kufunga mkanda kunatumia mkwaruzo, pistoni zote zikiwa katikati ya silinda. Atakayefuata mshale atakosea, na kwenye injini hii valvu na pistoni hukutana. Jino moja tu upande mmoja hutoa gari linalowaka, linalotembea, lakini sailensi yake ina wasiwasi na halivuti chini ya 3,000. Kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili na ukague alama zote upya.

Kompresheni

Ukifika hapa silinda bado imekufa, acha kununua vipuri vya nje. Injini ya moto, plagi zote nje, fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, betri yenye nguvu. EJ20 ya tabo nzima huwa kati ya psi 140 na 170 hivi. Tofauti kati ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe, maana geji za gereji hazilingani: 150, 148, 152 na 105 ni hukumu, wakati 132 kwa zote nne ni injini iliyochoka kwa pamoja.

Kwenye silinda iliyo chini mwaga kijiko kimoja cha oili, pima tena. Ikipanda, ringi au pistoni. Isipopanda, valvu. Thibitisha kwa kusukuma hewa ya kompresa ndani ya silinda, valvu zimefungwa: ikitoka kwenye eksozi ni valvu ya eksozi, kwenye manifoldi ni ya kuingiza, kwenye kifuniko cha oili ni pistoni. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi.

Vile vidoa vya fedha vinaingia hapa. Pistoni za kiwandani za nyingi ya injini hizi ni za kumwaga (za kumiminwa kwenye kalibu), ngumu na zisizopinda, na ukingo mwembamba kati ya ringi huvunjika injini ikigonga. Silinda ya 4 ndiyo yenye jina baya zaidi. Kugonga, yaani petroli kulipuka kabla ya wakati wake, kunaletwa na joto, petroli isiyotosha, na oktani ndogo (namba ya petroli kuvumilia bila kugonga). STI ya Japan ilipangiwa petroli ya oktani 98 hadi 100 inayouzwa kule. Super ya kawaida Kenya ni 93. Kompyuta inajitahidi kuchelewesha moto wa plagi, lakini mwenye gari akishafungua eksozi na kuongeza shinikizo la tabo bila kupanga upya petroli, ukingo unakatika. Dalili ziko kwa mpangilio: sailensi inayumba, oili inapungua lita nzima kati ya sevisi, moshi unapuliza ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka. Hapo hakuna dawa ya chupa.

Injini ni tulivu, gari ndilo linalozizima

Sasa ndipo maunti zinapopata zamu. Ziko mbili za injini, moja ya gia boksi, na fimbo fupi yenye bushi kila ncha inayotoka juu ya gia boksi kwenda kwenye ukuta wa kabini, chini ya intakula (kipoza hewa ya tabo). Fimbo hiyo ndiyo inayosahaulika. Bushi zake zikipasuka, injini inajirusha nyuma na mbele kila ukiachia klachi na mtetemo unapita moja kwa moja ukutani. Boliti mbili za 14, intakula ikiwa imetoka, kazi ya dakika ishirini. Jaribu hivi: handibreki juu, injini ikiwaka, mtu mwingine aweke gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu, wewe simama pembeni, si mbele ya gari, utazame injini inavyonyanyuka. Kuyumba kidogo ni kawaida. Kuruka kwa kishindo si kawaida.

Maunti iliyolowa oili ya kava ya valvu huvimba na kulainika hata kama haijakatika. Na kuna kinyume chake: maunti mpya kabisa, ngumu, za mashindano au za poliurethani. Hizo hazijaharibika, zinafanya kazi yake, ila kazi yake si starehe. Gari likizizima sailensi na kutulia likipita 1,200, na bushi zina rangi nyekundu au ya njano badala ya nyeusi, umeshapata jibu. Rudisha za mpira au zizoee.

Usisahau eksozi. Bomba lililobadilishwa mara nyingi hugusa krosimemba au sakafu mahali pamoja tu, kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500. Ingia chini, tafuta sehemu iliyong'aa kama sarafu mpya. Hapo ndipo linapogusa.

Mtetemo unapanda pamoja na mizunguko, gia yoyote

Toa mikanda ya nje ya oltaneta, stelingi na AC, washa injini kwa nusu dakika. Unaweza kufanya hivyo bila hofu ya joto kwa sababu pampu ya maji inaendeshwa na mkanda wa taimingi. Mtetemo ukiisha, rudisha mkanda mmoja mmoja. Usipoisha, tazama pulii ya krenki ukingoni injini ikiwaka: ikicheza kama sahani iliyopinda, boliti yake ya 22 imelegea. Zima mara moja. Kila dakika inayopita inatafuna mfereji wa kabari inayoshika pulii kwenye krenki, na krenki haiuzwi kwa bei ya pulii.

Mtetemo usiobadilika hata bila mikanda, ukapungua ukikanyaga klachi, ni klachi au flaiwili. Mlio wa kokoto kwenye nyutro unaonyamaza ukikanyaga klachi ni gia zinazogongana kwa sababu flaiwili ni nyepesi. Unaudhi, hauui.

Mtetemo unabaki ukikanyaga klachi

Balansi, rimu zilizopinda, beringi ya katikati ya propela shafti, krosi zake. Kwa gari hili la kuvuta miguu minne, pima pia mzunguko wa kila tairi kwa tepu: tofauti isizidi milimita 6. Tairi moja jipya na matatu yaliyokwisha hufanya difa ya katikati ifanye kazi wakati wote mpaka iungue.

Usiendelee kuendesha

Mlio mzito wa goti-goti unaosikika ukiachia mafuta kati ya 2,000 na 3,000, na kuongezeka injini ikipata moto, ni beringi za konrodi. Zima hapo hapo. Pima oili kwa kijiti, kisha mwaga kidogo kwenye kitambaa cheupe juani: vipande kama unga wa shaba au fedha vinatosha kama ushahidi. Kata chujio la oili, kunjua karatasi yake, utaona zaidi. Injini inayozimwa sasa inaweza kutengenezwa kwa krenki na beringi. Inayofikishwa gereji kwa kuendeshwa mara nyingi hufika na tundu kwenye bloku. Lipandishe gari lote juu ya lori la kubebea, magurudumu manne yakiwa hayagusi ardhi. Ukilivuta huku mawili yananing'inia, utafika na difa ya katikati nayo imekufa.